Kamba ya Godoro

Shangazi hakuwa na ndugu hata mmoja pale chuoni, lakini wanafunzi hawakumwita vinginevyo. Alikuwa mtunza ukumbi wao, mwaka wa kumi na saba kazini, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na funguo alizoning'iniza kiunoni zilikufanya umsikie kabla hujamwona. Chini ya ngazi za ukumbi kulikuwa na stoo ndefu yenye dirisha moja tu, na humo kila alasiri ilikutana klabu ya baiskeli. Wenye maneno mengi walikwenda kwenye mdahalo, wenye sauti kwenye kwaya, wenye miguu kwenye mpira. Waliobaki, ambao hawakujua wanachokiweza, waliishia stoo kwa Shangazi kuziba pancha za wenzao.

Stoo ilikuwa na sheria moja. Mlangoni, juu ya meza ya miguu mitatu na tofali, lilikaa daftari kubwa lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Uliandika jina, namba ya usajili, saa ya kuingia na saa ya kutoka. "Hujaandika, hujaingia," alisema Shangazi, na alisema hivyo kwa mwanafunzi, kwa mhadhiri, na siku moja kwa mkuu wa chuo mwenyewe, ambaye aliandika. Ilianzia mwaka wake wa kwanza kazini, zilipopotea pampu tatu na yeye akapewa barua ya onyo. Tangu hapo hakuna aliyevuka mlango ule bila wino. Mumewe, ambaye ni kinyozi na hakosi la kusema, alimwambia kwamba angepewa mlango wa peponi, watakatifu wangelala foleni. Shangazi alicheka sana, na asubuhi yake akapiga mistari kurasa nyingine kumi.

Spoki alifika pale kutafuta kamba.

Hilo halikuwa jina lake wakati huo. Alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, wiki ya sita, mwembamba, na anaongea kana kwamba maneno yanauzwa. Alisimama mlangoni akauliza kama kuna kamba ya kufungia godoro.

"Godoro linakwenda wapi?" Shangazi aliuliza.

"Nyumbani."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Kamba ilikuwepo. Ilikuwa imeviringwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ya rangi ya buluu, mita tano, na Shangazi aliiona kwa pembe ya jicho. Lakini katika miaka ile alikwishawaona wengi wakija kuomba kamba, au boksi, au namba ya simu ya mwenye gari, na alijua kwamba mtu akishafunga godoro hafunguliwi na mawaidha. Akasema kamba ipo mahali, ataitafuta, ila kwanza mwanangu nishikie hili gurudumu, mkono wangu mmoja unaniuma. Mkono wake ulikuwa mzima. Msichana akaandika jina, akaingia, akashika gurudumu. Alilishika saa mbili nzima. Alipotoka hakuuliza tena habari ya kamba, na kesho yake alirudi.

Kufikia mwisho wa muhula alikuwa fundi. Aliweza kugusa spoki za gurudumu moja moja kwa ukucha, kichwa kainamisha, akisikiliza, kisha akasema, "Hii imelegea, na hii imebana," na ringi iliyokuwa ikipepesuka kama mlevi ikanyooka mikononi mwake. Ndipo wakampa jina. Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, mdomo nao ukafunguka. Mbele ya karai la maji, wakisubiri mapovu yaonyeshe tundu lilipo, wa mwaka wa tatu walimweleza hesabu alizokuwa akizikimbia darasani. Mmoja alizungusha gurudumu hewani akamwonyesha nguvu ipi inavuta wapi, na Spoki akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu? Sasa yule mhadhiri alikuwa anatutukana kwa nini?" Stoo nzima ikacheka. Shangazi alicheka pia, ingawa yeye hakuelewa hata neno moja.

Mtihani wa kwanza Spoki alipata wastani wa moja nukta nne. Wa pili, moja nukta nane. Alimletea Shangazi karatasi ya matokeo aione, na Shangazi akaibandika ukutani juu ya kopo la maziwa lililojaa nati, akaiacha pale siku nne, mpaka mwenyewe akaona haya akaibandua.

Sasa sikia namna mtu mzima anavyoweza kuangusha nyumba kwa mikono yake huku akidhani anaipiga plasta.

Mwanzoni mwa mwaka wa pili ulivuma uvumi kwamba bodi ya chuo inataka kufunga vilabu vyote. Wanafunzi walikuwa wakiacha masomo wengi kupita kiasi, na wazee wa bodi walikata shauri kwamba kinachowaponza ni michezo. Mlezi wa wanafunzi hakukubaliana nao. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na tabia ya kukuita mezani kwake kwa kusema "naomba tushauriane." Akamwita Shangazi, akamwomba ushahidi. Vilabu vinasaidia au havisaidii? Amletee kitu cha kuonyesha.

Shangazi alijiona ameitwa kwenye kazi aliyozaliwa nayo. Kwani nani mwingine chuo kizima alikuwa na ushahidi wa miaka kumi na sita, mstari kwa mstari? Alikaa na daftari siku tatu. Alinakili kwa mwandiko wake mzuri majina, namba za usajili, siku na saa. Kisha akaona haitoshi. Akachukua kalamu nyekundu, na mbele ya kila jina la mwanafunzi wa sasa aliyewahi kutaka kuondoka akabaki kwa sababu ya stoo, akaweka nukta. Zilifika kumi na tisa. Jina la Spoki alilitia nukta kubwa kuliko zote, maana lilikuwa fahari yake.

"Hawa," alimwambia Mlezi, akipitisha kidole juu ya nukta, "bila stoo wasingekuwepo. Hawa ndio ushahidi."

Mlezi alizitazama nukta kwa heshima. Alimshukuru kwa mikono miwili. Na ni kweli, vilabu havikufungwa.

Wiki mbili baadaye ilibandikwa barua kwenye mlango wa ukumbi. Karani wa ofisi ya Mlezi aliileta mwenyewe na gundi yake. Ilisema bodi imeamua vilabu viendelee. Ilisema pia kwamba ofisi imelinganisha orodha ya stoo na matokeo ya mitihani, na imegundua kuwa kati ya wanafunzi kumi na tisa walio hatarini, kumi na mmoja wana wastani wa chini ya mbili. Kwa hiyo, ili kuwapa muda wa kutosha wa kusoma, wanafunzi wote wenye wastani wa chini ya mbili wasiingie katika shughuli ya klabu yoyote hadi alama zao zitakapopanda. Majina yalifuata. Mwisho kabisa iliandikwa: "Ofisi inamshukuru mtunza ukumbi kwa takwimu zake makini."

Shangazi aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Alipolifikia jina la Spoki, la saba kutoka juu, akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyeletewa msiba. Hakuwa amewapelekea ushahidi, aliwapelekea orodha. Angekuwa mzembe kama watunza kumbi wengine wote duniani, asingeandika kitu, hakuna ambaye angejua kwamba kuna msichana anaitwa vile anayekaa stoo kila siku kuanzia saa kumi mpaka kumi na mbili na robo.

Spoki alikuja alasiri ile kama kawaida. Alisoma barua, akageuka.

"Shangazi, hii ndiyo nini?"

"Ni ya muda, mwanangu. Mpaka alama zipande."

"Zinapanda. Si uliziona?"

"Niliziona."

"Na walijuaje nakuja hapa?"

Shangazi aligeukia meza. Daftari lilikuwa pale pale, wazi, na kalamu yake ikining'inia. Spoki alilitazama, kisha akamtazama yeye. Ni afadhali angetukana.

Hakwenda maktaba, kama bodi ilivyotarajia. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, hatua tatu kutoka mlangoni, na daftari lake la hesabu magotini. Kutoka pale alisikia spana zikigonga na wenzake wakibishana. Alikaa hivyo hadi saa kumi na mbili na robo, akaondoka. Kesho yake akarudi pale pale. Ndani, baiskeli ya kijani aliyokuwa akiitengeneza ilisimama kichwa chini miguu juu, gurudumu la nyuma likiwa na upungufu wa spoki mbili, na wenzake waliizunguka bila kuigusa.

Siku ya nne Shangazi alivaa gauni la kikao akaenda ofisini.

"Mlezi, yule msichana alianza na moja nukta nne. Sasa ana moja nukta nane. Amepandia stoo."

"Nimefurahi kusikia, Mama. Kweli kabisa." Na alikuwa amefurahi, sura yake haikudanganya. "Lakini moja nukta nane bado si mbili."

"Itakuwa mbili akirudi."

"Na sheria inasema atarudi ikiwa mbili." Alitabasamu kwa huruma. "Unaona, Mama, sote tunataka kitu kimoja."

"Hatutaki kitu kimoja."

"Tunataka wasome."

"Mimi nataka wabaki. Akibaki atasoma. Akiondoka, atasomea wapi?"

Mlezi alishika paji la uso. Alisema bodi ilikuwa imeshika kufuli mkononi, na kwamba hilo ndilo alilofanikiwa kuokoa. Alisema angekuwa na uwezo angefanya vingine. Shangazi alimwamini. Hilo ndilo lililomkata maini, kwa sababu alikuja amejiandaa kugombana na mtu mbaya akamkuta mtu mwema, na mtu mwema hana pa kumshikia. Akaaga. Karani akamfungulia mlango, akamuuliza kama daftari la mwezi huu liko tayari, maana sasa ofisi italikagua kila mwezi.

Nyumbani, mumewe alikuwa akinoa mikasi.

"Si umwingize tu?" alisema kinyozi. "Mlango wako, ufunguo wako."

"Akiingia nitamwandika."

"Usimwandike."

"Mtu haingii stoo bila kuandikwa."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Kinyozi akaweka mkasi chini. Ni mara chache sana yeye kukosa utani. "Basi mke wangu," alisema, "kuna mtu mmoja tu wa kuongea naye, na anakaa ndani ya gauni lako."

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Mtu aliyewahi kuandikiwa barua ya onyo kwa pampu tatu hajisahau. Miaka kumi na sita ya kurasa zisizo na pengo, hiyo ndiyo mali pekee Shangazi aliyoichuma pale chuoni, hana cheo, hana ofisi, ana daftari. Aliwaza juma zima. Juma la pili aliwaza tena, na kila alasiri alipita karibu na Spoki pale ngazini, funguo zikilia. Mara moja alimpelekea chai. Spoki alipokea, akasema asante, akanywa. Kikombe alikirudisha kwenye kizingiti bila kuvuka mstari wa mlango, na jambo lile lilimwuma Shangazi hata usiku akamweleza mumewe.

Juma la tatu, siku ya Ijumaa, alipiga moyo konde. Alifika mapema. Alilifunga daftari, akaliweka juu kabisa ya rafu nyuma ya makopo ya rangi, na kalamu na uzi wake. Meza ya mlangoni ikabaki tupu, na ilionekana ndogo ajabu. Wanafunzi walioingia walisimama wakitafuta pa kuandika, mikono hewani. "Ingieni," aliwaambia kwa ukali, "mnashangaa nini?" Waliingia wakitazamana. Shangazi akasimama mlangoni kama mwizi, akingoja saa kumi.

Spoki alikuja saa kumi na dakika ishirini. Hakuwa na daftari la hesabu.

"Ingia, mwanangu," Shangazi alisema kabla msichana hajafika. "Leo hatuandiki. Ile ya kijani inakungoja, hakuna aliyeigusa. Ingia."

Spoki alitazama meza tupu. Alisogea hatua moja, na kwa sekunde moja Shangazi alidhani amempata.

"Nimekuja kuomba kamba, Shangazi."

"Kamba gani?"

"Ile ya buluu. Iko nyuma ya mlango. Niliiona siku ile ile ya kwanza."

Shangazi alijua hila ya gurudumu, hila ya mkono unaouma, zote alizikumbuka, na zote zilishatumika. "Nishikie kwanza hili..." alianza.

"Mjomba yuko getini na gari. Godoro liko nje." Spoki aliongea taratibu, kana kwamba yeye ndiye mkubwa na anambembeleza mtoto. "Nilikaa pale ngazini wiki tatu. Hesabu hazikuingia. Nilikuwa nasikiliza tu mnavyocheka."

"Ungegonga."

"Ungefungua?"

Kutoka ndani mtu aliangusha spana, ikalia sakafuni. Shangazi alitaka kusema ningefungua. Angesema hivyo jana angekuwa mwongo, na wote wawili walijua. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akaitoa kamba kwenye msumari. Kamba ikamfunguka na kumwangukia miguuni, na Spoki akainama kumsaidia kuiviringa.

"Niandike?" Spoki aliuliza, kwa mazoea tu, akitazama pale daftari lilipokuwa likikaa.

"Usiandike."

"Nitairudisha nikipata mtu wa kumtuma."

"Usirudishe."

Msichana akaitikia kwa kichwa. Akachungulia ndani mara moja, bila kuvuka. "Spoki za ile ya kijani ziko kwenye kopo la maziwa," alisema. "Zile mbili ndefu. Wasiweke fupi, itapepesuka." Kisha akaenda, kamba begani, na Shangazi alimtazama mpaka alipopinda kona ya bweni. Hakumwita. Angemwita, angemwambia nini?

Kati ya wale kumi na mmoja, muhula ulipokwisha walibaki wanne. Hakuna aliyefukuzwa. Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, huyu baba anaumwa, huyu kapata kazi, huyu hakuaga kabisa. Baiskeli ya kijani alijaribu kuimaliza kijana mmoja wa mwaka wa tatu. Aliweka spoki ndefu kama alivyoelekezwa, na bado inapepesuka.

Wiki ya mwisho Mlezi alimwita Shangazi, akainuka alipoingia, akamvutia kiti. Mezani palikuwa na taarifa ya mwaka, kurasa nane, yenye jalada la rangi. Uso wake uling'aa.

"Mama, tumeshinda. Soma mwenyewe."

Shangazi alivaa miwani. Taarifa ilisema kwamba wanafunzi walio katika vilabu sasa wana wastani wa tatu nukta moja, kutoka mbili nukta tatu mwaka uliopita. Ilisema hii ni dalili kwamba shughuli za nje ya darasa, zikisimamiwa vyema, huinua masomo. Bodi ilikuwa imefurahi kiasi cha kuongeza vilabu viwili.

"Wastani umepanda kwa sababu mmewatoa wa chini," Shangazi alisema.

Mlezi akachukua kalamu moja ya mfukoni, akairudisha. "Najua," alisema. Sauti ilimshuka. "Lakini ningeandika hivyo, mwakani wangefunga vyote, na wewe usingekuwa na stoo."

"Na wale saba?"

"Wale saba hawana alama za muhula huu, Mama. Hawawezi kuingia kwenye hesabu."

Shangazi alifunua kurasa moja moja akiwatafuta. Alifika ya mwisho, ile ya mali za ukumbi, inayohitaji saini yake. Karani alikuwa amehesabu stoo juzi, kitu kwa kitu, kwa kufuata orodha ya mwaka uliopita. Pampu nne, zipo. Spana kumi na mbili, zipo. Karai, lipo. Makopo ya rangi, daftari la mahudhurio, meza moja mbovu, vyote vipo. Chini kulikuwa na kisanduku chenye kichwa "Vilivyopotea mwaka huu," na ndani yake, kwa mwandiko safi wa karani, mstari mmoja tu.

Kamba ya buluu, mita tano, moja.

"Hiyo isikusumbue," Mlezi alisema kwa upole, akimsogezea kalamu. "Ni kitu kidogo, hakuna barua ya onyo. Weka saini hapo."

Shangazi alishika kalamu. Alikisoma tena kile kisanduku, akitazama kama kuna nafasi ya kuongeza mstari mwingine. Nafasi haikuwepo. Akaweka saini.